Historia ya Fundi Mipira na Gari la Viti Viwili

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, familia imemkabidhi shemeji yake marehemu karatasi hizi azisome, kwanza kwa sababu sauti za wengine zisingefika ukurasa wa pili, na pili kwa sababu yeye ndiye aliyesimama mwaka 1983 mbele ya mashahidi akasema lile gari halitatembea hata likifungwa punda, basi wanafamilia wakaona ni haki asimame tena mbele ya mashahidi wale wale aeleze mambo yalivyokwenda. Utani wa mashemeji haukatwi na msiba, kwa hiyo mtamvumilia kidogo.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Mipira, alizaliwa tarehe 14 Mei 1946, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya maghala ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa mlinzi wa ghala na mama muuza maziwa, na wakubwa wanasimulia kwamba alichelewa kusema hadi watu wakaanza kunong'ona, lakini mama yake hakubabaika, akawa anawajibu kuwa mtoto wake si bubu, bado anawachunguza. Alipokuja kufungua mdomo aliomba chai, na hadi uzeeni hakuwa mtu wa maneno mengi kabla ya kunywa chai.

Alianza shule ya msingi mwaka 1954 na kumaliza mwaka 1961, akiwa mzuri wa hesabu na mwandiko wa kutisha, kisha mwaka 1962 akajiunga na shule ya ufundi, ambako alipewa adhabu ya kufagia bwalo muhula mzima kwa kosa la kufungua giaboksi ya lori la shule siku moja kabla ya safari, ingawa aliirudisha yote na lori likaenda na kurudi salama, na mwaka 1964 akatoka na cheti cha ufundi wa magari. Cheti hicho alikiweka kwenye fremu, akakitundika chooni, na alipoulizwa sababu alisema huko ndiko watu wanakotulia na kusoma.

Tarehe 5 Januari 1965 aliajiriwa katika gereji kubwa iliyokuwa ikitazamana na posta, akaanza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, na mwaka huo huo, mwezi wa Juni, ndipo alipoliona kwa mara ya kwanza gari ambalo bila hilo historia hii ingekuwa fupi. Lilikuwa gari dogo la michezo la Kiingereza, la viti viwili, lenye boneti ndefu kuliko nafasi ya kukaa watu, ringi za spoku kama za baiskeli, injini ya silinda sita yenye kabureta mbili, na bodi ya bati la alumini iliyofunikwa juu ya fremu ya mbao, tena ya aina iliyotengenezwa kwa mkono na kwa idadi ndogo mno, na mwenyewe alikuwa mpima ardhi aliyekuwa akilileta kila mwezi, liwe linaumwa au haliumwi. Fundi alikuwa akisema kwamba siku ile injini ilipowashwa aliacha kuosha, mikono ikabaki ndani ya karai, na mzee wa gereji akalazimika kumwita mara tatu.

Kazi ya kulinganisha zile kabureta mbili ndiyo iliyompa jina. Kwa wasiojua, kabureta ndiyo inayochanganya hewa na mafuta kabla hayajaingia kwenye injini, na gari likiwa na mbili lazima zivute sawasawa, moja isiishinde nyingine, na mafundi wengi huweka mpira mwembamba mdomoni mwa kabureta moja, wakasikiliza, kisha wakahamia ya pili na kubahatisha kwa kumbukumbu. Marehemu hakupenda kubahatisha, akakata mipira miwili ya urefu mmoja, wa kushoto akauweka sikio la kushoto na ncha yake kabureta ya mbele, wa kulia akauweka sikio la kulia na ncha yake kabureta ya nyuma, akainama juu ya injini amefumba macho, akawa anazungusha skrubu kidogo kidogo hadi mvumo ukatulia katikati ya kichwa, na hapo ndipo aliposema tayari. Magari yenye kabureta mbili yalikuwa yakiletwa kwake kutoka mbali, na watu wa mtaa wa pili, waliosikia jina tu, waliamini kwa miaka kwamba ni kocha.

Tarehe 9 Desemba 1972, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na mshonaji wa maturubai na viti vya magari, dada yake huyu anayewasomea, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni kifungua mimba, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1974, na mtoto wa kiume, kitinda mimba, aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 1979. Katikati ya hao wawili, mwaka 1977, alifungua gereji yake mwenyewe uani kwake, yenye shimo moja la kuingia chini ya gari, meza moja ya vifaa, na redio ambayo haikuruhusiwa kuwashwa injini ikiwa inanguruma.

Mpima ardhi alikuwa amehama tangu mwaka 1970, gari likapita mikono ya watu kadhaa, kila mmoja akiling'oa kitu, na tarehe 11 Aprili 1983 marehemu alilikuta nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, halina injini ndani, injini yenyewe ikiwa imelala chini ya gunia, na kuku wametaga kwenye nafasi ya dereva, akalibadilisha hapo hapo na pikipiki yake nzima inayotembea, kisha akaja nyumbani amekaa juu ya mkokoteni akiwa na furaha ya bwana harusi. Hiyo ndiyo siku ya maneno ya punda. Mkewe alilizunguka mara moja, akasema karibu mgeni, na jina la gari likawa Mgeni tangu siku hiyo.

Kulifufua kulichukua miaka kumi na moja. Upande wa kushoto wa fremu ulikuwa umeliwa na mchwa hadi ukabaki unga, wa kulia ulikuwa mzima, basi marehemu na jirani yake seremala, ambaye yuko hapa nasi, wakaamua kupima wa kulia na kuchonga wa kushoto, wakafanya kazi ya miezi minne kwa uangalifu mkubwa, kila kona kwa kipimo, na siku ya kuufunga ndipo walipogundua kwamba wamechonga upande wa kulia wa pili, wakakaa chini wote wawili wakitazama gari lenye kulia kuwili. Walicheka siku hiyo, wakaanza upya siku ya pili. Vipuri viliagizwa ng'ambo, vikaja baada ya miezi minane, vikawa si vyenyewe, vikarudishwa, spana za inchi zikatafutwa kila kona kwa sababu za milimita hazikushika nati hata moja, na mkewe alishona viti vya ngozi kwa cherehani ya maturubai, akavunja sindano nyingi, huku akimkumbusha mumewe kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe, na huyu wa kwake ana mwaka wa tisa hajashika hata mpini.

Tarehe 2 Oktoba 1994, siku ya Jumapili, injini iliwaka, marehemu akaweka mipira yake masikioni, akalinganisha, akafunga boneti kwa mikanda yake ya ngozi, akampakia mkewe, wakatoka getini taratibu, wakaenda hadi darajani na kurudi. Shemeji alikuwa barabarani. Inatakiwa isemwe leo kwamba alivua kofia.

Kuanzia hapo marehemu alilitunza gari lile kwa namna ambayo wengine hawatunzi hata meno yao, kila Jumamosi baada ya chai alikagua mafuta, akagonga nati za ringi kwa nyundo ya shaba ili chuma kisijeruhiwe, akapaka mbao dawa ya mchwa, akalinganisha kabureta, na pembeni yake mara nyingi alikuwa binti yake, aliyekuwa keshakuwa mkubwa lakini akija nyumbani hakukosa uani. Binti huyu alitaka sana gereji. Baba yake alimkatalia tangu mwanzo, akasema mikono ya mwanawe itashika chaki na si grisi, na kweli akawa mwalimu wa fizikia katika mji mwingine, lakini hakuzuiwa kutazama, na aliyotazama aliyashika. Kanuni ya baba yake aliijua kama jina lake, kwamba ukishuku kitu kwenye gari, kwa mfano plagi, usikitupe, kihamishie nafasi nyingine, ugonjwa ukihama nacho umempata mwizi, ugonjwa ukibaki palepale mwizi ni mwingine.

Mwanzoni mwa mwaka 2012 Mgeni alianza kuumwa. Injini ilitetemeka gari likisimama, ilikohoa ikipanda mlima, plagi tatu za mbele zilitoka nyeusi kama masizi, ishara ya mafuta kuzidi, na tatu za nyuma zikatoka nyeupe, na fundi yeyote angesema kabureta hazilingani, na marehemu mwenyewe alisema hivyo, akachukua mipira yake, akalinganisha, akasikia mvumo umetulia katikati ya kichwa, akafunga boneti, na gari likaendelea kutetemeka. Akalinganisha tena wiki iliyofuata, likazidi. Ndipo lawama zilipoanza kugawiwa, muuza mafuta akaambiwa anachanganya na mafuta ya taa, muuza plagi akaambiwa anauza makopo, seremala akaambiwa fremu imepinda, na shemeji akaambiwa ana kijicho tangu mwaka 1983. Alifungua injini yote mara mbili katika muda wa miezi kumi na tano, akakuta haina kosa, akaifunga. Mkewe alipomshauri aite fundi mwingine asikilize, alijibu kwamba masikio yake hayajawahi kumdanganya, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wanafamilia wanapenda ijulikane kwamba kipindi hicho kilikuwa kigumu kwake kuliko miaka yote ya mchwa na vipuri, maana fundi anaweza kuvumilia gari bovu, asichoweza kuvumilia ni gari zima linalokataa kumtii. Wateja walianza kupungua, kwa kuwa hata magari yao yalitoka kwake yakitetemeka. Mwezi Julai mwaka 2013 alifunga shimo la gereji kwa mbao, akakubaliana na mkusanyaji mmoja wa magari ya kale kwamba alichukue gari kama lilivyo, likakae kwenye ukumbi bila kuwashwa, na siku ya kulichukua ikapangwa kuwa Jumamosi tarehe 17 Agosti. Alikuwa na miaka sitini na saba, na alikuwa akisema wazi kwamba amekwisha.

Alhamisi tarehe 15 Agosti binti yake alifika kuliaga gari, akamwomba baba yake alilinganishe mara ya mwisho yeye akiona, naye akakubali kwa shingo upande, akainama, akafumba macho, akazungusha skrubu, akasema tayari, zote sawa. Binti alikuwa ameshika plagi nyeusi mkono mmoja na nyeupe mkono mwingine, akazitazama, akamtazama baba yake, kisha bila kugusa skrubu akamwomba abadilishe mipira, wa kushoto uende kabureta ya nyuma, wa kulia uje ya mbele. Marehemu alikubali ili yaishe. Injini ilikuwa ile ile, haikuwa imeguswa, lakini sasa ya mbele ilivuma kama upepo wa dirishani na ya nyuma ilikuwa kimya kabisa, akadhani mpira umeziba, akaupuliza, akaurudisha, kimya.

Binti akazima injini, akamwambia, "Baba, gari halina kitu. Sikio lako la kushoto limepungua, ulikuwa unaifungua ya mbele mpaka uisikie."

Marehemu alikaa kwenye ukingo wa shimo, mipira ikining'inia shingoni, akasema, "Kumbe mbovu ni mimi."

Hakusema kwa hasira. Binti anasema kulikuwa na aibu katika sauti ile, na pia kitu kilichofanana na nafuu, kwa sababu mwaka mzima na zaidi alikuwa akitafuta mwizi na sasa ameonyeshwa. Akavua mipira, akamvisha binti yake masikioni kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia alinganishe, na mwalimu wa fizikia akainama juu ya injini kwa mara ya kwanza maishani akiwa fundi na si mtazamaji, akazungusha skrubu ya mbele kurudi nyuma, zaidi ya alivyotarajia, hadi Mgeni akatulia, mtetemeko ukaisha, na mama yake akatoka jikoni kuuliza nani ameifanya hivyo. Mkusanyaji alipofika Jumamosi alipewa chai na maelezo, akaondoka na vyote viwili.

Jambo hilo halikuishia kwenye gari. Binti hakuridhika kwamba sikio moja lipungue na jingine libaki zima, akampeleka baba yake hospitali wiki iliyofuata, na daktari wa masikio akagundua uvimbe mdogo kwenye mshipa wa fahamu wa sikio la kushoto, ukiwa bado haujasogea kwenye ubongo, akasema wangechelewa miaka michache yangekuwa mazungumzo mengine. Marehemu alifanyiwa upasuaji tarehe 4 Novemba 2013, sikio la kushoto likapotea moja kwa moja, na maisha yakabaki. Alipotoka hospitali, kabla ya kufika nyumbani, alimwomba mwanawe wa kiume ampitishe kwa muuza mafuta, akamtaka radhi mbele ya wateja wake, kisha kwa muuza plagi, kisha kwa seremala, na shemeji aliachwa wa mwisho, naye hadi leo anasubiri radhi iliyokamilika.

Miaka kumi aliyoongezewa hakuichezea. Alifungua tena lile shimo, akafundisha mafundi vijana wa kike na wa kiume, akikaa kwenye kigoda upande ambao sikio zima linawaelekea, na kila likizo binti yake alikuja kulinganisha Mgeni, baba ameketi kiti cha pili, akitazama mbele, akiwa ameweka kiganja juu ya dashibodi ya mbao, kwa kuwa aligundua kwamba mtetemeko unaweza kusikika kwa mkono.

Mwezi Septemba mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikawa inavimba, akatibiwa na kupata nafuu kwa vipindi, hadi tarehe 12 Februari 2024 alipolazwa na hakurudi tena nyumbani. Akiwa wodini binti alirekodi mlio wa Mgeni kwenye simu, akamwekea kwenye sikio la kulia, naye akasikiliza amefumba macho, akasema ya nyuma inachelewa kidogo. Binti alirudi nyumbani, akapima kwa mipira, akaona ziko sawa, akatazama ile skrubu kwa muda, kisha akaizungusha unywele mmoja, kwa sababu mwenye gari amesema, akarekodi tena, akarudi wodini, na marehemu akainua kidole gumba. Familia haijui mpaka leo kama kosa lilikuwa la kabureta au la simu, na haina haja ya kujua.

Siku tatu za mwisho alikuwa akisinzia zaidi. Jumatatu mchana aliamka, akamwita binti yake asogee upande wa kulia, na mkewe na mwanawe wakiwepo akasema maneno ambayo aliagiza yasomwe hapa.

"Msilipitishe gari nyuma ya jeneza langu. Mwendo wa jeneza utaziba plagi. Mkishanizika, litoe mjini, lipe gia ya nne. Mimi nimesikia vya kutosha, sasa sikiliza wewe."

Alifariki dunia asubuhi ya Jumanne tarehe 5 Machi 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na wadogo zake watatu. Wale mliokuwa mkiuliza tangu asubuhi kwa nini Mgeni hayuko kwenye msafara, jibu ndilo hilo, ni amri ya fundi.

Familia inamshukuru daktari wa masikio aliyemrudisha kwetu mara ya kwanza, na madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo waliompunguzia maumivu na kuvumilia mlio wa injini wodini, inawashukuru majirani waliolala nasi tangu Jumanne, seremala aliyelichonga jeneza hili na kulipima kulia na kushoto mara mbili kabla ya kupiga randa, mafundi wenzake wa gereji zote za mji waliofunga kazi leo, na muuza mafuta, ambaye jana jioni alileta dumu limejaa, akaliweka uani, akaondoka bila kuaga. Tusiowataja, mtusamehe, tumechoka.

Kaburi likishafunikwa, mnaombwa msitawanyike haraka, mkae kidogo hapa hapa mlipo. Binti atatangulia nyumbani na mama yake, atamweka kiti cha pili cha Mgeni, na barabara ya kutoka mjini inapita chini ya ukuta huu wa makaburi, kwa hiyo mtawasikia kabla ya kuwaona. Wanaume msipunge kofia na akina mama msipige vigelegele, maana binti atashindwa kuiona barabara kwa machozi tukimshangilia, na sasa hivi anahitaji masikio yake yote mawili.

Shemeji yangu, nilikosea mwaka 1983, lilitembea. Pumzika kwa amani.